Chombo cha chakula kinarudi kimejaa, jioni biskuti zinaisha

MamaWawili ameuliza:

Habari zenu wadau. Nina watoto wawili, mkubwa wa kiume ana miaka 8, mdogo wa kike ana miaka 6. Mdogo hana neno, anakula chochote unachomwekea. Shida iko kwa mkubwa. Asubuhi hataki kitu zaidi ya chai yenye sukari nyingi. Shuleni kwao hawapiki, kwa hiyo namfungia wali na maharage, au mkate na yai, pamoja na tunda. Chombo kinarudi vilevile, vimeliwa vijiko viwili na tunda limepondeka. Akishaingia mlangoni anaanza na biskuti na juisi, kisha anadokoa hiki na kile mpaka usiku, na tukikaa mezani anasema ameshiba. Mboga za majani zikigusa wali wake, basi sahani nzima imeharibika.

Mama mkwe anataka nimnunulie dawa ya kuongeza hamu ya kula. Jirani anasema vitamini za kutafuna. Baba yake anasema alazimishwe, asiinuke mpaka sahani iwe nyeupe. Makundi ya chakula mimi nayajua kwa kichwa tangu nikiwa shule ya msingi, kwa hiyo msinitajie tena. Ninachoshindwa ni kuyafikisha mdomoni mwa mtu asiyeyataka. Si mgonjwa, mpira anacheza mpaka anaitwa ndani, na kliniki waliniambia uzito wake unaendana na umri. Mwenye uzoefu anisaidie, hasa kwenye hicho chakula cha shule.

BabaWaWatatu amejibu:

Pole dada. Wangu wa pili alikuwa mtu wa vyeupe tu: wali, mkate, maziwa, viazi. Leo ni kijana mkubwa na anakula mpaka vya wenzake. Hilo la kulazimisha mwambie shemeji aliache. Mimi nililelewa hivyo, na mpaka leo kabichi na mimi tunapishana njia.

MpishiWaShule amejibu:

MamaWawili, salamu. Mimi napika shuleni, watoto wangu ni wa miaka 6 mpaka 13. Nikitaka kujua habari zao siangalii sahani zinazotoka jikoni, naangalia zinazorudi. Nimeona mengi kwenye sahani hizo, na nikisoma maelezo yako sioni mtoto asiyependa kula. Naona mtoto asiyepata nafasi ya kusikia njaa. Kabla hujabadilisha chakula, badilisha saa.

Angalia mwenyewe. Asubuhi sukari ndani ya chai. Mchana vijiko viwili. Anarudi nyumbani ana njaa ya kweli, pengine njaa kali kuliko zote za siku nzima, na njaa hiyo nzuri anapewa biskuti na juisi aimalizie. Kutoka hapo anadokoa mpaka usiku. Haba na haba hujaza kibaba. Ukimletea mboga saa mbili usiku unamletea mtu aliyeshiba, na aliyeshiba ni hakimu mkali sana wa mboga.

Kwa umri wake milo mitatu na vitafunwa mara mbili vinatosha. Acha nafasi ya saa mbili na nusu mpaka saa nne kati ya kimoja na kingine, na katikati iwe maji matupu. Si maziwa, si juisi, si "kidogo tu". Kisha anaporudi shule, pale pale, weka chakula chenyewe: maharage, yai, samaki, chochote ulichokusudia kumpa usiku. Kabla hakijapoa vizuri, weka mezani vipande vya karoti mbichi au tango na usiseme kitu. Jikoni kwetu karoti ya kuchemsha inarudi nyingi. Karoti ileile ikikatwa vipande virefu na kuwekwa pale wanaposubiri zamu, wanaitafuna wakiwa wanapiga soga na hawajui hata kama wamekula mboga.

Kuhusu kulazimisha, kuna mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, ambaye mgawanyo wake wa kazi mimi naufuata jikoni. Mkubwa anaamua chakula gani, saa ngapi, na kitaliwa wapi. Mtoto anaamua ale kiasi gani, au asile. Nyumba nyingi zimegeuza: mtoto ndiye anayetaja menyu, mzazi ndiye anayehesabu matonge. Hapo ugomvi hauishi.

Najua utaniambia, "Nikimwachia aamue hatapata mlo kamili." Daktari wa watoto Clara Davis alijaribu jambo hilo huko Marekani kuanzia miaka ya 1920, na mwaka 1939 akaeleza habari za watoto 15 waliokuwa wametoka tu kwenye kunyonya. Aliwawekea vyakula kutoka kwenye orodha ya vyakula 34, kila kimoja peke yake bila kuchanganywa, wakajichagulia. Hakuna waliokula sawa. Mtoto anaweza kushikilia kitu kimoja siku kadhaa kisha akakiacha kabisa. Lakini ukijumlisha, walipata walichohitaji na wakakua vizuri. Kuna mmoja aliyekuja na matege, akawekewa mafuta ya ini la chewa, akawa anayanywa kwa hiari yake mpaka akapona, halafu akayaacha. Watu huipenda sana hadithi hii, ila wanaruka kipande kimoja: kwenye orodha ile hapakuwa na sukari wala chakula cha kiwandani. Davis mwenyewe alisema ujanja wote ulikuwa kwenye orodha. Kazi yako, dada, ni orodha. Usisimamie matonge.

Ndiyo maana siamini mlo kamili wa sahani moja. Ile picha ya sahani yenye nusu matunda na mboga, robo nafaka (zisizokobolewa zikipatikana) na robo protini ni picha nzuri, lakini mimi naisoma kwa siku nzima, na kwa mtoto wako ningeisoma kwa wiki. Jumatatu hakugusa mboga, Jumatano akala machungwa mawili na maharage: endelea na shughuli zako.

Na usihangaike na protini. Karibu kila mzazi anayenifuata ana hofu ya nyama. Mtoto wa umri huo anahitaji kama gramu 0.95 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mwenye kilo 25 ni gramu 24 hivi kwa siku. Yai moja lina gramu 6, kikombe cha maziwa 8, nusu kikombe cha maharage yaliyopikwa karibu 7. Umeshafika 21, na hujahesabu wali wala mkate, ambavyo navyo vina protini yake. Kinachopungua kwenye sahani za watoto ni matunda, mboga na nyuzinyuzi. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2023 linataka angalau gramu 350 za matunda na mboga kwa siku kwa mtoto wa miaka 6 mpaka 9, na 400 kuanzia miaka 10. Inatisha ukiisikia. Ila chungwa moja, ndizi mbivu moja, karoti moja na nusu kikombe cha mboga zilizopikwa vinafika hapo. Viazi usivihesabu, hivyo vinakaa upande wa wanga.

Chakula cha shule nitakuja nacho jioni, sasa hivi nina sufuria motoni.

MuuguziNaMama amejibu:

Naungana na mpishi kwenye hilo la saa. Naongeza kuhusu chai, maana wengi hatuioni kama tatizo.

Chai ina tanini, na tanini hushika madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga yasiingie mwilini vizuri. Mtoto wa miaka 4 mpaka 8 anahitaji kama miligramu 10 za chuma kwa siku, na kama nyama si ya kila siku basi chuma chake kingi kinatoka hukohuko kwenye maharage na majani. Kwa hiyo chai isikae pamoja na chakula. Kama haachi, anywe katikati, saa moja au zaidi mbali na mlo, na hapo iwe nyepesi. Maharage yakiliwa na kitu chenye vitamini C, chungwa, nyanya mbichi, hata limau la kukamulia, chuma hupita vizuri zaidi. Hilo halina gharama ya ziada, ni kupanga tu nini kinakaa na nini.

Sukari sasa. Shirika la Afya Duniani tangu 2015 linasema sukari ya kuongezwa, pamoja na iliyomo kwenye asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya 5 ni bora zaidi. Mtoto anayetumia kilokalori 1,600, asilimia 10 ni gramu 40, na 5 ni gramu 20. Kijiko cha chai ni kama gramu 4. Kopo moja la soda la mililita 330 lina kama gramu 35. Juisi, hata ile ya matunda matupu, inahesabiwa humo, kwa sababu ukishakamua tunda nyuzinyuzi zimebaki kwenye kichujio na sukari imebaki kwenye glasi. Mpe tunda lenyewe alitafune.

Dawa ya hamu ya kula: tafadhali usinunue kienyeji. Moja inayotumika sana, siproheptadini, ni dawa ya mzio, na husinzisha. Mtoto mwenye uzito unaoendana na umri ana hamu yake tayari, ila imeelekezwa kwenye biskuti. Vitamini za kutafuna nazo zina utamu kama peremende, na mtoto huzila kama peremende. Zenye chuma zikiliwa nyingi ni sumu kwa mtoto mdogo, kwa hiyo anayezo nyumbani aziweke juu na afunge.

Mpishi namwekea mpaka mmoja kwenye "au asile". Hiyo ni kwa mtoto mzima wa afya. Mtoto ambaye uzito unashuka, au mstari wake kwenye chati ya ukuaji umelala wakati zamani ulikuwa unapanda, anayekabwa au kutapika kila akimeza vitu vigumu, aliyepauka na kuchoka, au ambaye vyakula anavyovikubali vinapungua mwezi hadi mwezi badala ya kuongezeka, huyo apelekwe kituo cha afya. Na kwa wanaolinganisha na alivyokuwa mchanga: mwaka wa kwanza mtoto huongezeka kama sentimita 25, kwenye umri huu ni 5 mpaka 6 tu kwa mwaka. Hawezi kula kwa kasi ileile, mwili hauna pa kupeleka.

MwalimuDarasaLaTatu amejibu:

Naomba nitetee vyombo vinavyorudi vimejaa. Sisi tulio darasani tunaona kinachotokea. Kengele ikilia mtoto ana mambo mawili, kula na kucheza, na mpira unasubiri nje. Atakula kinacholika haraka. Wengine mfuniko unawashinda, na wanaona aibu kuomba msaada, basi wanarudisha chombo kwenye begi. Shuleni kwetu tulihamisha mchezo ukawa kabla ya kula, na kelele za "nimemaliza, naomba nitoke" zikapungua sana. Zungumza na mwalimu wake, dada. Muulize anakaa na nani wakati wa kula na anapewa muda gani. Usimuulize mtoto, atakwambia "sijui".

MpishiWaShule amejibu:

Nimerudi. Mwalimu amesema nusu ya niliyotaka kusema, na nashukuru.

Wali na maharage ni chakula kizuri sana cha mezani na kibaya cha begi. Kinahitaji kijiko, kinahitaji kukaa, kikipoa kinashikana. Zaidi ya hapo kuna usalama wake. Wali uliopikwa ukikaa vuguvugu kwa saa nyingi, vijidudu aina ya Bacillus cereus vilivyostahimili moto vinaamka na kutoa sumu, na ukiupasha sumu haiondoki. Ukitaka kumfungia wali, mimina maji yanayochemka kwenye chupa ya kutunza joto ya mdomo mpana, iache dakika kumi, yamwage, kisha weka wali ukiwa wa moto kabisa. Vikiwa vya baridi kama yai, nyama au mtindi, viende na chupa ya maji iliyogandishwa pembeni yake, ikifika mchana imeyeyuka na ana maji ya kunywa. Vyakula hivyo visikae zaidi ya saa mbili bila joto wala baridi.

Kwa huyu wako ningefunga vitu vya kushika kwa vidole. Mkate wenye yai uliokatwa vipande vya kutia mdomoni mara mbili, au chapati iliyoviringishwa na maharage mazito ya kupondwa ndani. Karanga kama shule inaruhusu, waulize kwanza, kuna watoto ambao karanga ya jirani ni hatari kwao. Tunda gumu, au chungwa lililokwisha kumenywa na kutenganishwa, kwa sababu hakuna mtoto atakayemenya chungwa wakati wenzake wanapanga timu. Tufaha lililokatwa likamuliwe limau lisigeuke rangi. Kila kitu kikae peke yake. Mtoto anayesema sahani imeharibika akiona mboga imegusa wali hafanyi jeuri, ndivyo anavyoona, na kumtengea ni rahisi kuliko kubishana naye.

Halafu punguza. Weka nusu ya unachoweka sasa. Chombo kilichojaa kinamchosha kabla hajaanza. Akimaliza nusu na kuomba zaidi, umeshinda kitu ambacho hotuba haikuweza. Usiku uliotangulia mwache achague kati ya viwili, "chapati au mkate?", "chungwa au tufaha?" Usimuulize "unataka nini", swali hilo jibu lake ni biskuti.

MamaWawili amejibu:

Jamani asanteni, nimesoma mara mbili. Nina maswali. Asubuhi kweli hali, akiamka tumbo limefunga. Nifanyeje kama chai naitoa? La pili, mboga. Nikimwekea pembeni bila kusema kitu anaziacha pembeni bila kusema kitu. La tatu, mama mkwe tunaishi naye na ndiye anayempokea akirudi shule. Biskuti ni zake, ananunua kwa pesa yake na kwa upendo wake. Siwezi kumwambia "usimpe".

BabaWaWatatu amejibu:

Swali la tatu ndilo gumu kuliko lishe yote.

MpishiWaShule amejibu:

Shemeji umenichekesha, ila ni kweli.

Asubuhi: wapo watoto ambao tumbo huchelewa kuamka. Mwamshe mapema kidogo, avae, apange begi, ndipo ale, asitolewe kitandani akapelekwa mezani. Chakula cha usiku nacho kiwe mapema na kidokozi cha kulalia kife, ataamka na njaa yake. Na nani alisema asubuhi lazima kiwe chakula cha asubuhi? Viazi vya jana na yai ni sawa. Uji wa nafaka isiyokobolewa wenye maziwa ni sawa. Ndizi moja na kikombe cha maziwa kwa anayekimbia ni sawa. Sukari ya chai usiikate kwa siku moja, atajua na atagoma. Punguza robo kijiko, mzoee, punguza tena.

Mboga: kuziacha pembeni ni hatua. Wataalamu wanasema mtoto anaweza kuhitaji kuonja kitu mara 8 mpaka 15 kabla hajakikubali, na wazazi wengi hukata tamaa mara ya tatu au ya nne. Weka bakuli katikati ya meza, ninyi wote mjipakulie mle mbele yake. Kwake kipande kimoja, kidogo, mbali na wali. Leo ataitazama, siku nyingine atainusa, siku nyingine ataitema, na kuitema pia ni kuionja. Pika kwa mafuta kidogo, si kwa utamu tu: vitamini A ya karoti na ya majani haisharabiwi vizuri bila mafuta. Mambo mawili usiyafanye. Usimwambie "ukimaliza mboga nakupa keki", maana hapo umemfundisha kwamba mboga ni adhabu na keki ni mshahara. Na usimsifie dada yake mbele yake. Huyo mdogo akishajua kula ni mashindano, kesho utakuwa na wawili.

Mama mkwe: usimwambie "usimpe". Mwambie "mama, akirudi shule ana njaa sana na mimi sipo, naomba wewe ndiye umlishe". Kisha uache chakula tayari, na machungwa hapo mezani, na kisu. Yeye anataka kumwona mjukuu anakula, basi umpe cha kumlisha. Biskuti mpangieni siku, wewe na yeye, Jumamosi na wageni kwa mfano, na siku hiyo azitoe yeye mwenyewe kwa mkono wake, mtoto ale kwa raha bila kuhesabiwa. Zisikae kabatini siku nyingine. Zikiwa kabatini hata mimi nitazila.

MuuguziNaMama amejibu:

Na akipiga mswaki baada ya hizo za Jumamosi, sina la kuongeza. Mpime urefu na uzito baada ya miezi mitatu, mahali palepale na kwa mizani ileile, uje utuambie.

MamaWawili amejibu:

Hilo la machungwa na kisu naanza nalo kesho. Chupa ya mdomo mpana ninayo, ilikuwa ya kahawa ya baba yao. Atatafuta nyingine.